Siku Moja Luxor: Mwongozo wa Kuzuru Mahekalu na Makaburi ya Mafirauni

Luxor iko kusini mwa Misri, kandokando ya mto Nile, kilomita 650 hivi kutoka Cairo. Wamisri wa kale waliuita mji huu Waset, Wagiriki wakauita Thebes, na kwa karne nyingi ndio uliokuwa kitovu cha dini ya Misri. Mto unaugawa pande mbili. Mashariki, jua linakochomoza, kuna mahekalu makubwa ya mungu Amun. Magharibi, linakozama, kuna makaburi ya wafalme pamoja na mahekalu waliyojengewa ili waendelee kutolewa sadaka baada ya kufa. Ukishalijua hilo, ratiba ya siku ni nyepesi kuipanga: asubuhi magharibi, alasiri mashariki.

Kampuni nyingi za utalii zitakupa orodha ya vituo saba au vinane kwa siku moja. Usikubali. Kuta za Luxor zimechongwa na kuchorwa toka sakafuni hadi darini, na mtu anayepewa dakika ishirini kila mahali huondoka na picha nyingi kwenye simu asijue alichokiona. Hapa nimekupangia vituo vitano vya kuingia na kimoja cha kusimama barabarani tu. Vipo vizuri nilivyoviacha makusudi, nitavitaja mwishoni.

Kabla hujaondoka nyumbani

Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la Luxor hupita nyuzi 40, na Bonde la Wafalme ni korongo la mawe matupu lisilo na mti hata mmoja wa kukupa kivuli. Kama likizo yako ni ya Julai na huwezi kuibadili, fuata ratiba hii lakini kata kituo kimoja cha asubuhi.

Masuala ya viza yathibitishe kwenye ubalozi wa Misri katika nchi yako, maana masharti hutofautiana kwa uraia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti. Ukitokea Kenya, Uganda au Congo utaulizwa. Kutoka Cairo unaweza kupanda ndege ya ndani, mwendo wa saa moja, au treni ya usiku inayofika asubuhi. Vyovyote utakavyokuja, lala Luxor usiku wa kabla ya ziara. Wanaotua saa tatu asubuhi na kwenda moja kwa moja makaburini hukuta mabasi ya watalii yameshajaa, na jua limeshakuwa kali.

Kwenye begi weka maji lita mbili kwa kila mtu, kofia pana, mafuta ya kukinga jua, viatu vilivyofunika vidole, na mtandio au kanga nyepesi. Kanga itakufaa kuliko unavyodhani: inakinga shingo, inaziba pua vumbi linapotimka, na jioni wanawake wataihitaji wakitaka kuingia msikitini. Vaa pamba nyepesi ya mikono mirefu. Beba noti ndogondogo za pauni ya Misri kwa ajili ya bakshishi na kivuko, na pia kadi ya benki, kwa sababu madirisha mengi ya tiketi kwenye vituo vikubwa siku hizi hayapokei fedha taslimu. Mjulishe benki wako mapema kwamba utaitumia kadi Misri, isije ikafungwa ukiwa umeshafika dirishani. Mwanafunzi abebe kitambulisho cha kimataifa cha wanafunzi, kinapunguza bei ya tiketi kwa nusu.

Kumpata mwongoza watalii

Mwongoza watalii wa Misri lazima awe na leseni ya serikali, na huivaa au kuibeba kama kitambulisho. Omba uione. Wengi wamesomea historia ya kale chuoni, na tofauti kati ya aliyesoma na dereva anayejifanya anajua utaigundua ndani ya dakika kumi.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, muulize mambo matatu. Tutaanza saa ngapi? Jibu unalolitaka ni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Tutakuwa wangapi? Wakizidi wanane, sauti yake haitakufikia. Tutapita madukani? Hapa uwe mkali. Njiani kuna karakana za mawe ya alabasta na maduka ya mafunjo, na mwongoza watalii au dereva hupata kamisheni kwa kila mteja anayemleta. Saa nzima ya asubuhi yako inaweza kuishia kwenye kiti cha duka, ukinyweshwa chai. Mwambie kwa upole lakini bila kumumunya maneno: "Ustadhi, madukani hatuendi, tofauti ya kamisheni nitakufidia kwenye bakshishi." Wengi wanaheshimu makubaliano hayo, kwa kuwa yamefanywa mapema na kila mtu anajua anapata nini.

Jambo moja hushangaza wageni: mwongoza watalii haruhusiwi kutoa maelezo ndani ya makaburi ya Bonde la Wafalme. Ni kwa sababu ya msongamano, na kwa sababu pumzi na jasho la watu huongeza unyevu unaoharibu rangi. Kwa hiyo atakukalisha nje, atakuonyesha picha za kaburi unaloingia, kisha atakusubiri. Maelezo hayo ya nje yasikilize kwa makini, ndiyo yatakayokufanya uione michoro badala ya kuitazama tu.

Alfajiri: kuvuka mto

Gari la ziara litazunguka hadi darajani, kusini mwa mji. Ukiwa mwenyewe na huna haraka, panda kivuko cha umma kilicho karibu na Hekalu la Luxor. Ni nafuu, kinavuka kwa dakika chache, na upande wa pili madereva wa teksi watakuzunguka mara tu ukishuka. Bei patana kabla ya kupanda, na iwe ya asubuhi nzima pamoja na kusubiri. Namba nyingi watakazokutajia zitaingia masikioni bila shida, maana Kiswahili kilizitoa kwenye Kiarabu: sita, saba, tisa, ishirini, hamsini, mia.

Barabara ya kwenda makaburini inapita mbele ya sanamu mbili ambazo Wagiriki waliziita za Memnon, na hapa hakuna tiketi. Shuka kwa dakika kumi. Ni sanamu za mfalme Amenhotep III, kila moja na kimo cha mita 18 hivi, zilizokuwa zikilinda lango la hekalu lake ambalo limebaki vifusi vinavyoendelea kuchimbuliwa nyuma yake. Mwaka 27 KK tetemeko la ardhi liliipasua ile ya kaskazini, na baadaye ikawa inatoa mlio alfajiri mawe yanapoanza kupata joto. Wageni wa Kirumi walikuja kuusikiliza, akiwemo mfalme Hadrian mwaka 130, na wengi walichonga majina yao na hata mashairi kwenye miguu ya sanamu. Ilipokarabatiwa, mlio ukakoma. Sogea karibu uwezavyo, maandishi bado yapo. Ukigeuka, huenda ukaona maputo ya abiria yakipaa juu ya mashamba ya miwa.

Mbele kidogo ya hapo, njia panda, kuna ofisi ya tiketi za vituo vidogo vya upande wa magharibi. Tiketi ya Deir el-Medina inunue hapo ukipita, usije ukalazimika kurudi.

Bonde la Wafalme: saa kumi na mbili hadi saa mbili na nusu

Kwa muda wa takriban miaka 500, kuanzia karne ya 16 KK hadi ya 11 KK, wafalme wa nasaba ya 18, ya 19 na ya 20 walizikwa hapa. Piramidi walikuwa wameshaziacha. Zilionekana toka mbali na ziliibiwa. Wakachagua korongo lililojificha nyuma ya milima, na juu yake kuna kilele kiitwacho al-Qurn ambacho chenyewe kina umbo la piramidi. Hata hivyo wezi waliwafuata. Hadi leo yamegunduliwa zaidi ya makaburi na mashimo 60, na karibu yote yalikutwa yameshaporwa.

Tiketi ya kawaida inakuruhusu kuingia makaburi matatu kati ya yaliyo wazi siku hiyo. Hufunguliwa kwa zamu ili mengine yapumzike. Kaburi la Tutankhamun, la Seti I na lile la Ramses V na VI yana tiketi zake za ziada, na zote zinunuliwe langoni, kwa sababu huko juu haziuzwi. Ukitoka langoni kuna vigari vya umeme vinavyopandisha watu hadi kwenye makaburi. Lipia, hifadhi miguu yako.

Ushauri wangu wa kuchagua ni huu.

Anza na la Thutmose III kama liko wazi na kama magoti yako ni mazima. Liko mwisho kabisa wa bonde, unapanda ngazi ya chuma hadi kwenye ufa wa mwamba, kisha unateremka ngazi kali na kuvuka daraja juu ya shimo refu. Kundi kubwa halifiki huku mapema. Chumba cha maziko kina pembe zilizoviringwa, umbo lile lile la duara refu ambalo majina ya wafalme yaliandikwa ndani yake, na kuta zake zimejaa watu waliochorwa kwa mistari myembamba myeusi na myekundu, mithili ya karatasi ya mafunjo iliyokunjuliwa ukutani. Tafuta nguzo yenye mti. Kwenye tawi la mti huo limeota titi, mkono umelishika, na mfalme ananyonya. Huyo ni mama yake wa kimungu, Isis, katika umbo la mti. Mchoro wenyewe ni mdogo, wengi huupita. Kama umefuatana na mzee, au mtu mwenye pumu au shinikizo la damu, usimpeleke hapa. Mpeleke kaburi la Ramses IV, lililo karibu na lango, njia yake pana na mteremko wake mdogo. Atafurahia pia kuona watakatifu na maandishi yaliyochorwa mlangoni na Wakristo wa Kikopti waliolitumia karne nyingi baadaye.

La pili liwe la Ramses III. Ukishuka, utafika mahali ambapo njia inakatika ghafla na kuhamia kulia. Wachimbaji walitoboa hadi wakaingia kaburi la jirani, la mfalme Amenmesse, ikabidi wahamishe mhimili mzima. Vyumba vidogo vya pembeni vina michoro ambayo makaburi mengine ya wafalme hayana: waoka mikate, mitumbwi, silaha, na wapiga vinubi wawili.

La tatu nakuachia wewe. Ila kama utalipia tiketi moja tu ya ziada, lipia ya Ramses V na VI. Watu wengi huikimbilia ya Tutankhamun kwa ajili ya jina, na sababu nzuri ya kwenda ipo: yeye mwenyewe yumo, mwili wake uliokaushwa umelazwa ndani ya kisanduku cha kioo. Lakini kaburi ni dogo, ni chumba kimoja tu kilichochorwa, na hazina zote alizozikuta mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter alipoligundua tarehe 4 Novemba 1922 zilipelekwa Cairo. Kwa Ramses VI, kinyume chake, ukifika chumba cha mwisho inua shingo. Dari yote imebeba mwili wa Nut, mungu wa kike wa anga, mara mbili, mgongo kwa mgongo. Jioni analimeza jua, usiku linasafiri ndani ya mwili wake, asubuhi analizaa. Ukilifuata kwa jicho toka mdomoni hadi miguuni utakuwa umesoma kitabu kizima bila kujua herufi hata moja ya Kimisri. Kaa hapo hata dakika kumi na tano.

Simu ruhusa, flashi marufuku. Ukuta usiuguse hata kwa kidole kimoja. Mafuta ya ngozi yanakula rangi iliyodumu miaka 3,000. Mlinzi akikuita kwa ishara uvuke kamba uone kona iliyofungwa, mshukuru na upite. Anataka bakshishi, na kamba ile imewekwa kwa sababu ya kweli.

Hekalu la Hatshepsut: ukuta wa Punt

Upande wa pili wa mlima huo huo, kwa gari mwendo mfupi, kuna hekalu la ghorofa tatu za matuta yaliyoegemea jabali refu. Alilijenga Hatshepsut, binti wa Thutmose I na mjane wa Thutmose II. Alianza kwa kumshikia kiti mtoto wa mumewe, kisha akajitangaza mfalme kamili na kutawala hadi karibu 1458 KK, akichongwa na ndevu za bandia kama wafalme wanaume. Baada ya kufa, sehemu nyingi zenye sura na jina lake zilifutwa kwa patasi. Utayaona makovu yenyewe: umbo la mtu limekwanguliwa, miungu inayomzunguka imebaki salama. Timu ya Wapolandi imekuwa ikilikarabati hekalu hili tangu 1961.

Usipande moja kwa moja hadi juu. Fika tuta la pili, geuka kushoto, ingia kwenye baraza ya kusini. Hapo ndipo ninapotaka utumie nusu saa, maana ukuta huu unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki.

Mwaka wa tisa wa utawala wake, Hatshepsut alituma merikebu tano kupitia Bahari ya Shamu hadi nchi ya Punt. Wataalamu wengi wanaiweka kwenye eneo la Eritrea, Ethiopia, Sudan mashariki na Somalia; vipimo vya kemia kwenye masalia ya nyani waliokaushwa Misri vinaelekeza huko huko. Safari nzima imechongwa hapa. Chini ya merikebu kuna samaki waliochorwa kwa uangalifu kiasi kwamba wengi wao wametambuliwa kuwa ni wa Bahari ya Shamu. Nyumba za Punt zimejengwa juu ya miti mirefu, za mviringo, na ngazi ya kupandia. Mkuu wa nchi, Parahu, anatoka kuwapokea wageni, na nyuma yake yuko mkewe Ati, mwili wake mnene umejaa mikunjo. Jiwe halisi la Ati liko makumbusho ya Cairo baada ya kuibwa ukutani, hapa utaona nakala ya plasta.

Kisha angalia mzigo. Kuna ubani na manemane, pembe za ndovu, ngozi za chui, nyani wanaopanda kamba za merikebu, na magogo ya mti mweusi ambao wataalamu wa mbao wanauhusisha na mpingo, ule ule unaochongwa vinyago Mtwara na Lindi. Ipo na miti hai ya ubani, 31 kwa hesabu ya maandishi, mizizi yake imefungwa ndani ya vikapu na wanaume wameibeba kwa mti begani ili ikapandwe Misri. Mtu yeyote aliyewahi kuhamisha mche wa mwembe toka shamba moja hadi jingine atakielewa kikapu kile papo hapo.

Ukimaliza, upande huo huo mwishoni kuna hekalu dogo la mungu Hathor lenye nguzo za uso wa mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe, na upande wa kulia wa tuta kuna la Anubis, ambako rangi za dari na kuta zimehifadhika vizuri ajabu. Tuta la juu lipe dakika kumi.

Deir el-Medina: kijiji cha mafundi

Ziara nyingi hukiruka kijiji hiki, nami naomba usikiruke. Waliochimba na kuchora makaburi yote uliyoyaona asubuhi waliishi hapa na familia zao, kwenye nyumba zilizobanana ambazo misingi yake bado imesimama hadi kiunoni. Kwa kuwa wengi wao walijua kusoma na kuandika, tunawajua kwa majina, madeni, ugomvi na sababu zao za kutofika kazini, yote yameandikwa kwenye vigae na vipande vya mawe.

Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses III, yule yule mwenye kaburi la njia iliyohama, posho yao ya nafaka ilichelewa. Wakaweka chini zana, wakatoka nje ya kuta za kijiji, wakaenda kukaa kwenye mahekalu wakisema wana njaa. Huo ndio mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ambao historia ina maandishi yake.

Ingia kaburi la Sennedjem, mmoja wa mafundi hao. Ngazi ni nyembamba na dari ya kuingilia ni fupi, inama. Chumba ni kidogo, dari lake limeviringika, na rangi zake ni mbichi kana kwamba mchoraji ameenda kunawa mikono. Kwenye ukuta mmoja Sennedjem na mkewe Iyneferti wanalima katika maisha ya baadaye: yeye ameshika jembe la kukokotwa na ng'ombe, mkewe anamfuata akitawanya mbegu, wote wawili wamevaa kitani cheupe cha sherehe. Mchana kutwa alichora pepo ya wafalme. Yake mwenyewe aliitaka iwe shamba lenye maji ya kutosha na mke wake pembeni.

Mchana: pumzika

Inapofika saa sita, ondoka juani. Kula upande huu wa magharibi, kwenye mgahawa wa kienyeji. Koshari ni mchanganyiko wa wali, tambi, dengu na mchuzi wa nyanya, inashibisha na hata asiyekula nyama anaifurahia. Kunywa maji hata kama husikii kiu, kisha rudi hotelini ulale saa moja.

Karnak: toka saa tisa alasiri

Muda wa kufunga hubadilika kwa msimu, muulize mwongoza watalii asubuhi na uhakikishe mmepata saa mbili kamili. Karnak ilijengwa na kuongezwa na wafalme mbalimbali kwa zaidi ya miaka 1,500, kwa hiyo haina mpango mmoja na ni rahisi kupotea. Shika mhimili wa kati.

Ukishapita lango kuu la kwanza, geuka nyuma utazame upande uliokuwa kulia kwako ulipoingia. Kuna rundo la matofali ya udongo limeegemea ukuta. Ni mabaki ya ngazi ya udongo waliyotumia kupandishia mawe. Lango halikumalizwa, nayo haikubomolewa. Maswali mengi ya "waliwezaje?" yana jibu hapo. Katikati ya uwanja huo huo kuna nguzo moja ndefu iliyobaki katika kumi za Taharqa, mfalme wa Kushi, Sudan ya leo, aliyetawala Misri karne ya 7 KK. Wasomaji wa Biblia wanamjua kama Tirhaka.

Kisha ukumbi wa nguzo 134. Zile 12 za katikati zina kimo cha mita 21 hivi, na vichwa vyake vimechongwa kama ua la mafunjo lililochanua. Kila mtu hutazama juu. Wewe tazama pia kuta. Nusu ya kaskazini ilichongwa wakati wa Seti I, na picha zake zimetokeza kidogo juu ya jiwe, laini na zenye utulivu. Nusu ya kusini ni ya mwanawe Ramses II, na picha zimechimbwa ndani ya jiwe, kwa haraka na kwa nguvu. Pitisha macho toka upande mmoja hadi mwingine utawaona baba na mwana wakitofautiana tabia.

Mbele kuna obeliski ya Hatshepsut, yaani nguzo ndefu ya pembe nne yenye ncha juu, jiwe moja la graniti toka Aswan, mita 29 na ushee, uzito wa tani 320 hivi. Maandishi yake yanasema kazi ya machimboni ilichukua miezi saba. Baadaye sehemu yake ya chini ilizungushiwa ukuta na Thutmose III. Malizia kwenye ziwa takatifu, ukae kivulini.

Hekalu la Luxor: baada ya magharibi

Mahekalu haya mawili yameunganishwa na njia ya sfinksi, sanamu za simba wenye kichwa cha mtu au cha kondoo, yenye urefu wa kilomita 2.7, iliyofunguliwa upya rasmi Novemba 2021. Kama miguu bado ina nguvu, tembea kipande chake. Kama imechoka, panda gari. Hekalu la Luxor hubaki wazi hadi usiku, na taa zikiwashwa michongo inasomeka vizuri kuliko mchana, kwa sababu mwanga unatoka chini na kila mstari unapata kivuli.

Mbele ya lango utaona obeliski moja mahali palipopaswa kuwa na mbili. Mwenzake ulisimamishwa Paris mwaka 1836. Ndani, kwenye uwanja wa Ramses II, inua macho kushoto: kuna mlango unaoning'inia ukutani, mita kadhaa juu ya sakafu, bila ngazi. Ni wa msikiti wa Abu Haggag, mcha Mungu aliyefariki katika karne ya 13. Msikiti ulipojengwa, mchanga na vifusi vilikuwa vimelizika hekalu hadi usawa huo, na mlango ulikuwa chini kabisa, kama mlango mwingine wowote. Baadaye vifusi vikachimbwa, mlango ukabaki hewani. Siku hizi wanaoswali huingia kwa upande wa nje, na ukipenda kuswali Isha hapo utaona ndani nguzo na maandishi ya kifirauni kwenye kuta zenyewe. Kila mwaka mwezi wa Shaabani, kwenye maulidi ya Abu Haggag, watu wa mji huzungusha mitumbwi mitaani. Kwenye ukumbi wa nguzo wa hekalu hilo hilo imechongwa sikukuu ya Opet, ambapo mitumbwi ya Amun ililetwa toka Karnak kwa shangwe, wapiga ngoma na ng'ombe walionona. Angalia ukuta huo kwanza, kisha mwombe mwongoza watalii akusimulie maulidi ya kwao.

Malipo, na ukibakiwa na siku ya pili

Mwongoza watalii na dereva hupewa bakshishi kila mmoja mkononi mwake, mwisho wa siku. Ile ahadi ya kamisheni itimize hapo. Walinzi wa makaburini waliokusaidia kwa haki, kwa mfano kumshika mama mkono kwenye ngazi, wape noti ndogo pale pale.

Nilivyoviacha: kaburi la malkia Nefertari, mke wa Ramses II, lililogunduliwa 1904, pengine ndilo zuri kuliko yote, lakini tiketi yake ni ghali na hufungwa mara kwa mara, kwa hiyo uliza kabla ya kulipangia. Makumbusho ya Luxor yanafaa jioni ya mvivu. Na kama una asubuhi moja tu ya ziada, ipeleke Medinet Habu, hekalu la Ramses III, ambako herufi zimechimbwa kwa kina cha kuzamisha kiganja na rangi bado zipo juu ya vizingiti. Fika saa kumi na mbili kamili. Watalii wengi hufika huko baadaye sana, au hawafiki kabisa.